Majibu ya Mkunga wa Ng'ombe

Kabla ya kuingiza mkono kwa ng'ombe anayezaa, mzee alikuwa anavua shati. Hata kukiwa na baridi ya asubuhi, hata wanawake wakiwa wamesimama pale zizini. Analikunja, analiweka juu ya mti wa zizi, kisha anaomba maji na sabuni ya mche na kunawa mpaka begani. Halafu anapaka mafuta ya kupikia. Akishaanza haongei tena na watu. Anaongea na ndama.

"Toka, mura. Hukupanga chumba humo."

Mura kwetu ni kijana wa kiume, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba huyo ndama anaweza kuwa jike. Watu walicheka, ng'ombe akatulia, na baada ya muda zikaonekana kwato mbili.

Hapa Gorong'a tulimwita Mkunga. Lilianza kama mzaha, kwa sababu mkunga kwetu ni mwanamke, na yeye ni mzee wa Kikurya mwenye sauti nene na mabega ya kubeba magogo. Alilikubali jina hilo mpaka akawa analitumia mwenyewe. Akifika kwa watu anasema, "Hodi, Mkunga nimefika, mgonjwa yuko wapi?"

Nyumba yetu na yake zinatenganishwa na shamba la muhogo. Baba yangu anachimba dhahabu Nyakunguru, kwa hiyo nyumbani tuko mimi na mama, mbuzi wetu na ng'ombe wawili. Shule niliishia darasa la saba. Mbele za watu siongei sana, na nadhani ndiyo maana mzee alipenda kukaa kwetu. Alisema nyumba nyingine wanamjibu kabla hajamaliza sentensi.

Mtu aliyeweza kuingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe anayerusha mateke alikuwa anaogopa sindano. Bwana Mifugo wa kata yetu alikuwa akija na pikipiki kuchanja, mzee anamshikia ng'ombe pembe kwa nguvu zote, lakini sindano ikitolewa anageuza uso. Bwana Mifugo alimtania, "Mzee, hii si yako." Yeye akajibu, "Najua si yangu. Nakusaidia tu kuogopa."

Mama anasimulia kwamba mke wa mzee aliposhikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza, mzee alitoka nyumbani akasema anakwenda Sirari kununua sukari. Alirudi mtoto ameshazaliwa, na sukari hakununua. Watu walimcheka miaka mingi. Alijitetea kwamba ng'ombe hawezi kukulaumu, mke anaweza.

Mbuzi aliwadharau. Hakuwahi kumzalisha mbuzi hata mmoja, na wote tulijua. Mama alimwita siku moja, mbuzi wetu amelala chini analia tangu alfajiri. Mzee akamtazama kwa juu juu.

"Mama Bhoke, huyu mbuzi au mgonjwa wa hospitali? Mbuzi anazaa huku anatafuna."

"Baba, anateseka."

"Basi mpe majani ateseke ameshiba."

Akaondoka. Jioni ile mbuzi alitupa vitoto viwili vilivyokufa, havijaota manyoya vizuri. Mama alisikitika, lakini hatukushangaa. Mwaka ule mbuzi wengi walitupa mimba, wetu na wa wengine. Mbuzi akitupa mimba kwetu hakuna kikao. Ng'ombe akitupa, hapo ndipo wazee wanaitana.

Sasa nieleze kitu alichojulikana nacho kuliko hata mkono wake. Ng'ombe akifiwa na ndama huwa anakataa kutoa maziwa. Anabana. Unakamua mpaka vidole vinauma, unapata kidogo cha kulowesha kibuyu. Dawa ya siku zote ni kumchuna ndama aliyekufa, kujaza nyasi ndani ya ngozi, kuipaka chumvi na kuiweka mbele ya mama yake. Ng'ombe anailamba, anadhani ni mtoto wake, maziwa yanashuka. Wafugaji wengi wanafanya hivyo.

Lakini ngozi ya ndama ni nzito, na wenye ndama wengine hawataki kuichuna. Mzee akabuni ya kwake. Alikuwa na ngozi ya kitoto cha mbuzi, nyepesi, ameijaza nyasi na kuishona kwa kamba ya katani. Alikuwa anaipaka yale maji ya uzazi ya ng'ombe mwenyewe, anaongeza chumvi, na ng'ombe anakubali. Akimaliza kwa huyu anaiweka kwenye mfuko wa salfeti, anakwenda nayo kwa mwingine. Aliiita "mtoto". Ikichakaa alikuja kwetu.

"Mama Bhoke, mtoto wangu amezeeka."

Mama alimpa ngozi ya kitoto cha mbuzi kilichotupwa, kwa sababu nyama yake hailiwi na ngozi yake haiuziki. Mzee alifurahi kama amepewa nguo ya sikukuu. Watu wengi walijifunza kwake. Baba mdogo, mdogo wake baba, anaishi upande wa pili wa kijito, naye, ndama wake mmoja alipokufa, alitengenezewa ya kwake na mzee na kuachiwa kabisa.

Kisha ng'ombe wakaanza kutupa mimba.

Wa kwanza alikuwa wa baba mdogo, ng'ombe mwekundu aliyekuwa anampenda kuliko wengine. Halafu wa jirani wa mlimani. Halafu wetu mmoja. Mimba inakwenda vizuri, tumbo linaonekana, kisha asubuhi unakuta ndama amelala kwenye samadi, amekamilika kila kitu isipokuwa uhai. Tulianza kuogopa kwenda zizini kulipokucha. Mama alikuwa anasimama mlangoni, ananituma mimi nikaangalie, kisha ananiita nirudi kabla sijafika.

Sijui ni nani aliyesema kwanza. Maneno kama hayo hayana mtu aliyeyasema kwanza. Lakini mwisho wa msimu wa mvua kila mtu alikuwa anajua kwamba ng'ombe wote waliotupa mimba walikuwa wamewahi kuzalishwa na Mkunga. Anamzalisha leo vizuri, mimba inayofuata inatoka. Wakasema mkono wake unaacha kitu mle ndani. Wakasema amezeeka na hataki kufa, kwa hiyo anakula ndama wa watu wakiwa tumboni.

Watoto waliokuwa wanamkimbilia wakaanza kumkimbia. Alipopita njiani wanawake waliwaita watoto ndani. Dukani alinunua chumvi, mwenye duka akaiweka chini badala ya kumpa mkononi. Yeye aliinama, akaiokota, akasema asante.

Kwetu huku mtu akishaitwa mchawi wa mifugo, hasubiriwi sana. Mwaka mmoja kabla, kijiji cha jirani, mzee mwingine alichomewa nyumba, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema ameona moto ukiwashwa. Nilikuwa nikiona moshi wa jikoni kwa mzee nashtuka, nasimama katikati ya muhogo mpaka nihakikishe unatoka jikoni tu.

Kikao kikaitwa. Ritongo, ndivyo tunavyokiita, wanaume wote wamekaa kwenye nyasi na sisi wanawake nyuma. Mzee aliwekwa mbele peke yake. Bwana Mifugo alikuja na mgeni, dada mmoja kijana kutoka maabara ya mbali, amevaa buti za mpira, amebeba kasha la barafu. Alikuwa amekwisha kuchukua kondo la ng'ombe aliyetupa mimba siku mbili nyuma, na damu za ng'ombe wengine.

Bwana Mifugo akasema kipimo cha damu kimeonyesha ni brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Si uchawi.

Baba mdogo akasimama. "Tumesikia. Umeletwa na nani huo ugonjwa?"

"Ndiyo tunataka kupima," dada akasema. "Brusela zipo za aina nyingi. Kuna ambayo makazi yake ni ng'ombe, kuna ambayo makazi yake ni mbuzi. Kipimo cha damu hakizitofautishi. Tutapima vinasaba, DNA, kwenye lile kondo. Hapo tutajua ni aina gani."

Sauti ikatoka nyuma ya wazee. "DNA ya ndama? Kwani kuna dume limekataa mtoto?"

Watu wakaangua kicheko, hata mama. Dada naye akacheka. Akasema, "Leo hatumtafuti baba. Tunamtafuta mdudu. Kila mdudu ana vinasaba vyake, hata kama kwa macho wanafanana." Nilimpenda kwa kuwa hakukasirika.

Baba mdogo hakucheka. Alisubiri wanyamaze, kisha akamgeukia mzee na kusema taratibu.

"Mzee, wewe ndiye unayeingia kwa ng'ombe wote. Hakuna mwingine. Kwa mbuzi huingii, tunajua. Sasa sikiliza. Kikija kwamba ni mdudu wa ng'ombe, basi ni mkono wako uliomtoa huku ukampeleka kule, na hatutakuuliza kama ulijua. Kikija kwamba ni wa mbuzi, mimi mwenyewe nitakuja kukuomba radhi."

Wanaume wakaitikia. Mzee akasema neno moja tu: "Sawa."

Kusubiri majibu kulikuwa kubaya kuliko kikao. Dada aliondoka na kasha lake, na sisi tukabaki tunatazama barabara. Pikipiki yoyote iliyolia, mama aliacha anachofanya. Mzee hakutoka kwake. Nilimpelekea uji, nikamkuta ameketi amevaa koti la mvua ndani ya nyumba, jasho linamtoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Weka hapo. Magoti yananiuma, Bhoke, na homa inakuja jioni kama mtu aliyealikwa."

"Nenda hospitali, baba."

"Nitoke hapa niende hospitali, watasema nimekimbia. Nikikimbia wataichoma nyumba. Nikikaa, labda wataichoma. Bora ile ya labda."

Alikuwa anacheka, lakini niliona ameweka ndoo za maji kando ya ukuta wote wa nyumba.

Nilimwuliza kwa nini asimtumie mwanawe aliyeko Morotonga salamu aje kumchukua. Akasema mwanawe ana hasira, atakuja na panga, na kutakuwa na wafu wa pande mbili badala ya mmoja. Akanywa uji wote. Akaniambia mama asinitume tena. Watu wanaangalia nani anaingia kwake. Nilirudi nyumbani kwa kupitia kwenye muhogo, nimeinama.

Majibu yalikuja na Bwana Mifugo, kikao kikaitwa tena mchana uleule. Dada wa maabara hakuja, alipigiwa simu, sauti ikawekwa wazi watu wote wasikie. Nilikuwa nimeshika kanga ya mama kama mtoto mdogo.

"Aina iliyopatikana kwenye kondo la ng'ombe," sauti ikasema, "ni ile ya mbuzi. Narudia, ni brusela ya mbuzi na kondoo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alilia. Baba mdogo alivua kofia. Watu wakaanza kuulizana nani analaza mbuzi na ng'ombe zizi moja, na karibu kila mtu alikuwa anafanya hivyo kwa kuogopa wezi. Bwana Mifugo akauliza kwenye simu mdudu alipitaje kutoka kwa mbuzi kwenda kwa ng'ombe.

"Hilo kipimo hakisemi," dada akajibu. "Kinasema ni nani. Hakisemi alipita njia gani. Tengeni mifugo, fukieni makondo, vaeni glavu, chemsheni maziwa yote. Na huyo mzee anayezalisha apimwe, kama ana homa apate dawa mapema."

Nilimtazama mzee. Watu walikuwa wanampa mikono na yeye anapokea, lakini hakuwa na uso wa mtu aliyeokoka. Nilishangaa kuona kwamba kabla ya majibu alikuwa anaogopa kidogo, na sasa, watu wamekwisha kumwachia, amekuwa na rangi ya majivu.

Nilidhani ni homa. Alikwenda kituo cha afya, akachomwa zile sindano alizoziogopa, akapewa vidonge vya muda mrefu. Alivimeza. Lakini aliacha kuja kwetu, aliacha kuzalisha, na alipoitwa alisema mkono unauma. Watu walisema amekasirika, ana haki ya kuombwa radhi.

Nilikutana naye asubuhi moja kijitoni, wakati wa kiangazi, nikiwa nimekwenda kufua. Amekaa juu ya jiwe, fimbo imelala magotini. Sikuwahi kumwona na fimbo kabla ya ugonjwa.

"Baba mdogo wako," akasema hata kabla sijamwamkia, "ng'ombe wake mweusi ametupa mimba jana."

"Nimesikia, baba."

"Atabana maziwa."

"Ndiyo."

"Na yeye anajua la kufanya. Nilimfundisha mimi." Akaigeuza fimbo magotini. "Bhoke, mbuzi sijawahi kuwagusa uzazi wao. Ni kweli. Nilisema kweli. Lakini mtoto wangu alikuwa nini?"

 Nilikuwa nimeshika nguo iliyolowa, maji yananichuruzikia miguuni.

"Ngozi ya mbuzi," akasema. "Na si ya mbuzi aliyechinjwa. Ya yule aliyetupwa. Nikaipaka maji ya ng'ombe huyu, nikampelekea yule akalamba, na yule, na yule. Waliponiambia ni wa mbuzi, watu wote walifurahi, mimi nikaona njia yote. Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa salfeti."

"Dada alisema kipimo hakisemi njia," nikamwambia. "Hakuna anayejua, baba. Usiseme. Ukisema wataanza upya."

"Yangu niliichoma siku ile ile. Nikajiambia yamekwisha. Lakini ya kwake iko kwenye paa la zizi lake, niliishona mwenyewe. Ana ng'ombe wengine wana mimba pale. Ana watoto wanaokunywa." Akashika fimbo. "Sitasema ngozi zilitoka kwenu. Hilo usiogope."

Niliogopa hata hivyo. Nilimwogopea yeye, nikamwogopea mama, nikaogopa kubaki pale kijitoni nikisubiri kusikia kelele kutoka upande wa pili. Aliposimama aliyumba.

"Sikuombi uje," akasema.

Niliacha nguo juu ya mawe, nikamshika kiwiko, tukavuka.

Baba mdogo alikuwa zizini. Ng'ombe mweusi amefungwa, na mbele yake, juu ya kigogo, ile ngozi ya kitoto cha mbuzi imeshapakwa chumvi. Ng'ombe alikuwa ameanza kuinyooshea shingo. Baba mdogo alipomwona mzee aliacha kibuyu, akaleta kigoda yeye mwenyewe, akakifuta kwa kiganja na kumwita Tata, yaani baba.

"Karibu, Tata. Karibu ukae. Nimekuwa nikitafuta siku ya kuja kwako. Yale niliyoyasema kwenye kikao, mbele za watu..."

"Usiniombe radhi bado," mzee akasema. "Kwanza toa hiyo ngozi."

Baba mdogo akatabasamu, hakuelewa. Mzee akamwambia. Alimwambia yote akiwa amesimama, kwa Kikurya, polepole, jinsi alivyokuwa anaongea na ndama. Aliposema ng'ombe mwekundu alilamba mara ngapi, nilimwona baba mdogo anatazama ukutani kwenye panga.

Ng'ombe aliutoa ulimi. Baba mdogo akaruka, akaipiga ngozi teke ikaanguka mbali kwenye vumbi. Alibaki anahema, mgongo wake kwetu. Kisha akachukua jembe, akaisukuma kwa mpini bila kuigusa mpaka kwenye moto wa samadi, na manyoya yakaanza kunuka.

"Nani mwingine anajua?" akauliza, bado hatutazami.

"Huyu mtoto. Na wewe. Nitawaambia wote waliopewa. Nitaanza mlimani leo."

"Leo huendi popote." Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua ni moshi au ni nini. "Utasema kwenye kikao, na mimi nitakuwa nimekaa ubavuni kwako. Ukienda peke yako nyumba kwa nyumba, hutafika ya pili."

Mzee aliiegemea fimbo yake, akamwangalia.

"Kaa, Tata," baba mdogo akasema.

Mzee akakaa.